Lubumbashi hadi Walvis Bay kwa gari: upite Caprivi au upite Kalahari?

Wengi wetu Lubumbashi tunaijua Walvis Bay kwa samaki wa mpiodi na kwa magari. Mpiodi mwingi wa kugandishwa unaouzwa kwenye masoko yetu umevuliwa katika bahari ya Namibia, na bandari hiyohiyo inapokea magari na mizigo inayokuja Katanga. Hata barabara yenyewe wenye mipango wameipa jina letu: Ukanda wa Maendeleo wa Walvis Bay–Ndola–Lubumbashi. Kwa hiyo kila mwaka mvua ikishakatika utasikia familia fulani, au mfanyabiashara fulani, amejaza mazutu na kuelekea kusini kwa gari lake mwenyewe.

Wote hao swali lao ni moja. Ukifika Livingstone, njia inagawanyika. Unaweza kwenda magharibi, upite Sesheke, uvuke kuingia Namibia na kufuata mkono mrefu mwembamba wa nchi ile, ule ambao watu bado wanauita Caprivi ingawa mkoa wenyewe uliitwa Zambezi tangu 2013. Au unavuka daraja la Kazungula, unaingia Botswana, unashuka Nata, unakata Maun na Ghanzi katikati ya Kalahari, kisha unaingia Namibia upande wa mashariki. Njia zote mbili ni lami. Zote mbili zinafika. Na kila shofa utakayemuuliza ataisifu ile aliyoizoea.

Nitasema mapema ninavyoona mimi. Anayekwenda Walvis Bay kwa kazi, apite Caprivi. Anayekwenda Windhoek, au aliye na watoto na siku za ziada, Kalahari inamfaa. Lakini juu ya hayo kuna jambo kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike: usichague njia kwa kuhesabu kilomita. Chagua kwa kuhesabu mchana. Kinachoua watu kwenye barabara hizi si jangwa, ni giza.

Hadi Livingstone hakuna cha kuchagua

Sehemu hii niipite haraka. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Baada ya mpaka kuna Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, Lusaka. Halafu Mazabuka, Choma na Livingstone. Jumla ni kama kilomita 1,050. Gawa siku tatu, ulale Kapiri Mposhi, kisha Lusaka. Foleni ya malori Kasumbalesa inaweza kuwa ya kilomita nyingi, lakini gari dogo halipangi mstari na malori. Fika mapema asubuhi.

Kumbuka tu kwamba ukitoka Kasumbalesa unaanza kuendesha upande wa kushoto, na utabaki upande huo hadi baharini: Zambia, Botswana na Namibia zote ni kushoto. Kama usukani wako uko kushoto pia, kulipita lori ni kazi ya watu wawili. Anayekaa kulia kwako ndiye anayeona mbele, kwa hiyo asilale kati ya Ndola na Lusaka, ambako malori ya shaba ni mengi na barabara imekuwa ikipanuliwa.

Anza na swali hili: unafika wapi hasa?

Watu husema “naenda Namibia” kana kwamba ni mahali pamoja. Chukua kalamu uandike mji wa mwisho, kwa sababu hesabu inabadilika kabisa.

Kutoka Livingstone hadi Walvis Bay kwa Caprivi ni kama kilomita 1,600. Sesheke iko karibu kilomita 200. Unavuka Zambezi hadi Katima Mulilo. Kutoka hapo Rundu ni kama 510. Rundu hadi Grootfontein ni 250 na kidogo. Kisha Otavi na Otjiwarongo. Otjiwarongo usiendelee kushuka Okahandja. Shika barabara ya C33 inayopita Kalkfeld na Omaruru, nayo ni lami, itakutoa Karibib moja kwa moja. Wengi wanaoongozwa na ramani ya simu wanazungushwa Okahandja bila sababu. Kutoka Karibib ni Usakos, Swakopmund, Walvis Bay.

Kwa Kalahari, Livingstone hadi Walvis Bay inakaribia kilomita 1,850. Kazungula kwenda Nata ni kama 300, Nata kwenda Maun tena 300, Maun kwenda Ghanzi karibu 285, Ghanzi kwenda mpaka wa Mamuno kama 200, kisha Gobabis na Windhoek kama 320, na Windhoek hadi bahari karibu 390. Tofauti ni kilomita 250 hivi, ambayo kwa gari la kawaida ni lita 25 hadi 30 za ziada.

Sasa badilisha mji wa mwisho uandike Windhoek. Kwa Caprivi unapata kama 1,420, kwa Kalahari kama 1,475. Tofauti imekufa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu njia fupi na wote wakawa na haki: mmoja anafikiria bandari, mwingine anafikiria mji mkuu.

Hesabu mipaka, maana kila mpaka ni nusu siku

Caprivi ina mipaka miwili: Kasumbalesa, kisha Sesheke na Katima Mulilo. Kalahari ina mitatu: Kasumbalesa, Kazungula, Mamuno. Mpaka wa ziada maana yake ni nchi ya ziada, viza ya ziada kama pasipoti yako inaihitaji, kodi ya barabara ya ziada, bima ya ziada na sarafu ya ziada. Ulizia viza kwenye ubalozi wa kila nchi kabla hujanunua hata chujio la mafuta. Nimeona watu wenye gari zuri kabisa wakigeuzwa kwa sababu walidhani Botswana ni ya kupita tu na kwamba anayepita haulizwi. Anayepita anaulizwa.

Kwa upande wa madaraja, zote mbili zimerahisishwa. Daraja la Katima Mulilo, lenye urefu wa mita 900, lilifunguliwa 2004. Lile la Kazungula, mita 923, lilifunguliwa 2021 na likaondoa kivuko ambacho malori yalikuwa yanakisubiri siku nyingi. Limejengwa kwa kupinda juu ya mto ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Pale Kazungula karatasi za Zambia na Botswana zinashughulikiwa mahali pamoja, kwa hiyo kwa gari dogo mambo huenda haraka, ila daraja lina ada yake. Mipaka ya Katima Mulilo na Mamuno ni midogo zaidi, na saa zake za kufunga ndizo za kuulizia mapema. Usifike jioni ukitumaini huruma.

Karatasi zenyewe ziweke kwenye bahasha moja, nakala tatu za kila kitu:

- pasipoti, na kwa watoto hati ya kuzaliwa pamoja na barua ya mzazi asiyesafiri;
- kadi ya gari, ile tunayoiita karte roze; kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kugongwa muhuri;
- leseni ya kimataifa, kwa kuwa leseni yetu ni ya Kifaransa na polisi wa huko anataka kuisoma;
- kadi mbili za manjano. Ya kwanza ni bima ya COMESA, jumuiya ya soko la Afrika mashariki na kusini, inayokulinda Zambia lakini si Botswana wala Namibia, kwa sababu nchi hizo mbili hazimo. Ya pili ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Botswana na Namibia wanaidai kwa anayetoka Kongo. Chanjo inaanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo usichomwe siku ya kuondoka.

Stakabadhi ya kila malipo unayofanya mpakani ihifadhi hadi utakaporudi nyumbani. Kibali cha muda cha gari ulichopewa ukiingia Zambia kitaulizwa ukitoka, na peaje za njiani, vile vituo vya kulipia barabara, nazo zinataka uonyeshe.

Anayekwenda kuchukua gari bandarini alirudishe Lubumbashi, kwake ushauri ni mmoja: Caprivi kwenda, Caprivi kurudi. Gari la transiti linafuatwa na karatasi za forodha kila mpaka, na deklarani wako, yule anayekushughulikia forodha, atakuambia mwenyewe kwamba nchi mbili za kupita ni nafuu kuliko tatu.

Hesabu mchana

Hapa ndipo kazi ilipo. Kongo ya mashariki na kusini, Zambia, Botswana na Namibia zinatumia saa zilezile. Namibia iliacha saa yake ya majira ya baridi mwaka 2017. Lakini jua halifuati saa ya ukutani. Kadiri unavyokwenda magharibi, linachomoza na kuzama kwa kuchelewa. Mwezi wa Juni Lubumbashi kunakucha mapema na jua linazama kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni. Rundu linachomoza baada ya saa moja asubuhi na kuzama baada ya saa kumi na mbili na robo hivi. Walvis Bay halionekani hadi saa moja na nusu imepita. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwa mazoea ya nyumbani, akitaka “kuiwahi barabara”, anajikuta anaendesha saa tatu nzima gizani katika nchi ya tembo.

Kanuni ninayoishika: magurudumu yaanze kuzunguka jua likishatoka, na yasimame saa moja kabla ya kuzama. Juni hiyo ni kama saa tisa na nusu za barabara. Ukitoa mafuta, chakula, vizuizi vya polisi na mtoto anayetaka kushuka, zinabaki kama saba za kuendesha, na kwenye lami nzuri unafanya wastani wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa, hata kama sheria ya Namibia na Botswana inakuruhusu 120. Kwa hiyo siku isiyo na mpaka ni kilomita 500 hadi 550. Siku yenye mpaka, panga 350. Ukiona ratiba yako inadai zaidi, ratiba ndiyo yenye kosa.

Sasa itie hesabu hiyo kwenye kila njia.

Caprivi inakatika vizuri. Siku ya kwanza Livingstone hadi Katima Mulilo: kilomita ni chache, lakini barabara ya Sesheke na mpaka vitakula siku. Lala Katima hata kama umefika saa nane mchana na unajisikia una nguvu. Mbele yako kuna hifadhi ya Bwabwata, karibu kilomita 200 kati ya Kongola na Divundu, ambako barabara inakata katikati ya wanyama bila uzio, na hiyo unataka kuipita asubuhi jua likiwa juu, si jioni wanapokwenda mtoni. Siku ya pili Rundu. Siku ya tatu Otjiwarongo. Siku ya nne bahari. Kila usiku unalala kwenye mji wenye hospitali, mafuta na fundi.

Kalahari inakatika vibaya zaidi. Siku ya kwanza Nata, mpaka ukiwemo, na hapo umeshabana. Siku ya pili ndiyo mtego: Nata hadi Ghanzi ni kilomita 585, na kati yake mji wenye kila kitu ni Maun peke yake. Juni haziingii katika mchana mmoja. Desemba, jua linapokaa zaidi ya saa 13, zinaingia kwa shida. Wengi wanapita Maun saa nane mchana, wanaona bado mapema, wanaendelea, na giza linawakuta kati ya Sehithwa na Ghanzi kwenye ng'ombe na punda. Lala Maun. Hiyo, pamoja na mpaka wa Mamuno, inafanya safari iwe siku sita badala ya nne: Nata, Maun, Ghanzi, Gobabis, Windhoek, bahari. Ukikubali siku hizo mbili za ziada, Kalahari ni njia nzuri mno. Usipozikubali, usiipite.

Msimu

Kalahari si jangwa la mchanga mtupu kama watu wanavyoliwaza. Kuna nyasi, miiba na miti. Maana yake inanyesha. Kati ya Desemba na Machi, mwaka wa mvua nyingi, maji yanaweza kukaa juu ya lami maeneo ya Nata na Gweta, kwa sababu pale umepita pembeni mwa mabwawa makavu ya chumvi ya Makgadikgadi, ambayo yakijaa hayana pa kumwaga. Msimu huo, bila kubishana, Caprivi.

Juni hadi Agosti ni miezi bora kwa njia zote mbili, ila Ghanzi na Gobabis usiku unashuka chini ya sifuri. Mtoto aliyezoea Katuba au Kampemba hapa Lubumbashi hajawahi kuona baridi ile. Beba mablanketi ya kweli. Oktoba joto linapanda hadi digrii 40, na hapo tairi iliyochoka inapasuka.

Livingstone: namna ya kuuliza

Barabara ya Livingstone kwenda Sesheke imekuwa na mashimo mabaya kwa miaka mingi, hasa ukishapita njia panda ya Kazungula. Inafanyiwa kazi, inaharibika, inafanyiwa tena. Hakuna maandishi yatakayokuambia iko namna gani wiki utakayopita wewe. Atakuambia shofa aliyeteremka huko leo, na wako kwenye vituo vya mafuta vya Livingstone, wengi wakisikia Kiswahili.

Ila usimuulize “barabara iko sawa?” Shofa wa lori atakujibu iko sawa, maana kwake sawa ni kufika. Muulize mambo yanayopimika: ametoka Sesheke saa ngapi na amefika saa ngapi, amebadilisha tairi, ni wapi magari madogo yanashuka pembeni kwenye udongo. Msalimie kwanza, mwite yaya, yaani kaka mkubwa, kama amekuzidi umri, mnunulie chai.

“Yaya, ungekuwa na gari hili langu dogo, ungepita wapi?”

Akilitazama gari kwa chini kabla ya kujibu, msikilize huyo.

Akikuambia ni mwendo wa saa nne au tano kwa gari dogo, nenda. Akikuambia zaidi ya hapo, kuna njia ya tatu ambayo watu wachache wa kwetu wanaijua. Vuka daraja la Kazungula, ingia Kasane, shika barabara ya lami inayokatisha hifadhi ya Chobe hadi mpaka wa Ngoma, kisha uende Katima Mulilo. Ni kama kilomita 120 kutoka Kasane hadi Katima, na anayepita tu bila kuacha barabara kuu halipi kiingilio cha hifadhi, anajiandikisha getini. Umeikwepa Sesheke, umebaki kwenye Caprivi. Bei yake ni Botswana kuingia na kutoka siku hiyohiyo, pamoja na malipo yake, kwa hiyo njia hii ni ya mwenye viza tayari. Nami nadhani anayeweza kuipata viza hiyo mapema aipate, hata kama hataitumia.

Gari

Hutahitaji gari la kupanda milima. Kinachohitajika ni tairi. Tano zilizo sawa, na ya sita kama una pa kuiweka, kwa sababu kati ya Maun na Ghanzi saizi yako huenda isipatikane. Pima upepo asubuhi gari likiwa baridi, kabla hujatembea. Mchana tairi ikishapata moto upepo unapanda wenyewe, na anayeupunguza hapo anaiacha tairi laini kesho yake, nayo tairi laini ndiyo inayopata moto zaidi na kupasuka. Mkanda wa injini, mipira ya maji ya rejeta, betri: vitazamwe Lubumbashi na fundi wako anayekujua, si njiani.

Pembetatu mbili, jeki inayofanya kazi, ubao wa kuweka chini ya jeki mchangani, taa ya kichwani, bidoni la lita 20 la mafuta. Maji lita tano kwa kila mtu kwa kila siku, na hayo si ya rejeta. Ya rejeta yako mbali nayo. Mafuta jaza kila tanki likifika nusu, bila kuangalia bei. Kituo kipo Katima, Kongola, Divundu, Rundu na Grootfontein kwa njia moja. Kasane, Pandamatenga, Nata, Gweta, Maun, Ghanzi, Charles Hill na Gobabis kwa nyingine. Lakini kituo kuwepo si sawa na mafuta kuwepo.

Gari likizima Kalahari, kaa nalo. Anayetembea kwa miguu kutafuta msaada ndiye anayepotea. Barabara zote hizi zinapitwa na malori kila siku. Nambari za kuandika kwenye karatasi: polisi wa Namibia 10111, Botswana polisi 999 na gari la wagonjwa 997.

Pesa ni rahisi kuliko inavyoonekana. Dola za Marekani beba, noti safi. Kwacha malizia Livingstone. Namibia inapokea randi ya Afrika Kusini sawa na dola yake, moja kwa moja, hivyo ukikosa dola za Namibia randi inatosha. Botswana ni pula.

Nyama, tembo na punda

Bukari (ugali) na samaki mkavu vitakufikisha salama. Nyama mbichi haitapita. Kwenye barabara ya Rundu kwenda Grootfontein kuna geti la Mururani, ambako Namibia inazuia nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe kutoka kaskazini kwenda kusini, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Botswana nayo ina mageti ya namna hiyo, na huko wanaweza kukushusha ukanyage dawa kwa viatu, na gari lipitishe magurudumu kwenye dimbwi lake. Usibishane. Ng'ombe ndiye mali ya watu wale, na mlango wao wa kuuza nyama nje unafungwa na maambukizi machache tu. Kuleni nyama yote kabla ya geti, na friji iwe wazi kukaguliwa.

Botswana ina tembo zaidi ya 130,000, hakuna nchi inayoizidi, na wengi wako kaskazini hukohuko kati ya Kazungula na Nata. Mchana utawaona pembeni ya lami wamesimama kwenye kivuli. Angalia kinyesi barabarani: kikiwa kibichi, chenye unyevu, na matawi yamevunjwa pembeni, punguza hadi 60 hapohapo. Akitokea mmoja, simama mbali, mita 100 hivi, injini ikiwaka, bila honi. Usimpite kwa nyuma mara akishavuka. Jike linavuka na kundi lake, na ndama mara nyingi yuko katikati au mwisho. Gari linalojipenyeza kati yake na mama ndilo linaloshambuliwa. Ngoja hadi umeona nyasi zimetulia pande zote mbili.

Usiku tembo haonekani. Rangi yake ni ya lami, na macho yake yako juu kuliko mwanga wa taa zako. Tandala naye anarukia mwanga badala ya kuukimbia, kilo zaidi ya 200 zinazoingia kwenye kioo. Na punda, ambaye yuko kila kijiji cha Botswana na Kavango upande wa Rundu, haondoki kabisa: usiku wa baridi anasimama juu ya lami kwa sababu bado ina joto la mchana. Hii ndiyo sababu yote ya kuhesabu mchana.

Kwenye vijiji vya Botswana shika mwendo wa kibao kutoka kibao cha kwanza hadi cha mwisho. Polisi wenye rada wapo, faini ni nzito, na stakabadhi wanatoa.

Kilomita za mwisho

Njia zote mbili zinakutana Karibib, na kutoka Usakos unaanza kuteremka Namib yenyewe. Hili ndilo jangwa kweli: Walvis Bay haipati milimita 25 za mvua kwa mwaka, wakati Lubumbashi inapata zaidi ya hizo kwa mvua moja nzuri ya Januari. Miti inaisha. Kulia utaona mlima wa Spitzkoppe umesimama peke yake, mbele mji wa Arandis na mgodi wa urani wa Rössing, na lami imenyooka hadi macho yachoke. Ni sehemu hii ambayo watu hukanyaga mafuta, wakihisi wamefika, na ndiyo yenye malori mengi kuliko yote.

Karibu na Swakopmund ukungu unaingia kutoka baharini, kwa sababu hewa yenye unyevu inapoa juu ya maji baridi ya mkondo wa Benguela. Mara nyingi unakuja usiku na kukaa hadi katikati ya asubuhi. Kioo kinapata unyevu, vumbi laini na chumvi vinashikamana, na wipa ukiziwasha kavu zinapaka tope mbele ya macho yako. Jaza maji ya wipa Usakos na utie sabuni kidogo. Washa taa za kawaida, si zile za juu, na kama huoni kibao kinachofuata, toka nje ya lami kabisa ungoje. Upange kuanza kuteremka Usakos saa nne au tano asubuhi, ukungu ukiwa umepanda. Alasiri jua liko mbele yako hadi bahari, kwa hiyo miwani ya jua iwe juu ya dashibodi.

Kurudi, jua la asubuhi ndilo litakalokuwa usoni. Ondoka Walvis Bay baada ya kula vizuri, si alfajiri. Na kama ulikuja kwa Caprivi na una siku mbili za ziada na viza ya Botswana mkononi, rudi kwa Kalahari ukilala Windhoek, Gobabis, Ghanzi, Maun na Nata. Nunua bima ya Botswana palepale Mamuno kabla ya kuinua kizuizi.